Zaidi ya Asilimia: Mwongozo wa Mafao kwa Mtumishi Anayekaribia Kustaafu

Tangu mwaka 2018 neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, limetoka kwenye makabrasha ya wahasibu likaingia kwenye daladala, vijiwe vya kahawa na mabango ya Mei Mosi, na kila linapotajwa hufuatana na asilimia: 50, 25, 33, 40. Mtumishi wa umma wa Tanzania anayekaribia kustaafu anaijua asilimia yake kwa kichwa. Mwulize ana miezi mingapi ya michango iliyothibitishwa na Mfuko wake wa pensheni, au mshahara wake mkubwa kuliko yote katika miaka kumi ya mwisho uliingizwa lini kwenye mfumo, na mara nyingi atanyamaza. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo, na una hoja moja: asilimia ina kelele nyingi kuliko uzito wake. Inaamua fedha yako utaipokea lini, leo au mwezi kwa mwezi, ila kiasi chenyewe huamuliwa zaidi na namba nyingine nne, na mbili kati ya hizo unaweza kuzishughulikia mwenyewe ungali kazini.

Chukua karatasi na kalamu, hesabu yenyewe haihitaji shahada. Kwa mwanachama wa PSSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, huanza na idadi ya miezi uliyochangia. Igawe kwa 580. Zidisha kwa mshahara wako wa mwaka, ambao ni wastani wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho wa utumishi. Utakachopata ni pensheni kamili ya mwaka mmoja. Sehemu yake, ambayo sasa ni asilimia 40 kwa wengi, huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja: huo ndio mkupuo. Sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 na kuwa pensheni yako ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako. Tumchukue mtumishi wa mfano mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi katika miaka yake mitatu bora, aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wake wa mwaka ni shilingi 14,400,000, na pensheni yake kamili ya mwaka ni shilingi 8,937,931. Mkupuo wake unakuwa shilingi 44,689,655, na kila mwezi atapokea shilingi 446,897. Weka namba zako mahali pa hizi kabla hujaendelea kusoma, maana kila nitakachosema kitakuwa na maana zaidi kikiwa na jina lako juu yake. Ila chunga: ni mshahara wa msingi tu unaoingia hapa. Posho ya safari, ya kikao, ya saa za ziada, zote zinaliwa siku hiyo hiyo na hazistaafu pamoja nawe.

Namba hizi zina historia, na bila kuijua huwezi kuona kilichopungua. Mwaka 2018 sheria mpya iliunganisha mifuko minne, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, ikazaliwa PSSSF, huku sekta binafsi ikibaki NSSF. Kabla ya hapo wanachama wa PSPF na LAPF walikuwa wakikokotolewa kwa kugawa na 540, wakizidishiwa 15.5 na kupewa nusu ya pensheni kwa mkupuo. Wenzao wa PPF na NSSF walikuwa kwenye 580, 12.5 na asilimia 25. Kanuni za mwaka huo zilitaka kila mtu aingie kwenye kundi la pili, na kelele za wafanyakazi zilikuwa kubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza vikokotoo vya zamani viendelee hadi 2023. Muda huo haukufika. Julai 2022 ulianza utaratibu mmoja wa 580, 12.5 na asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya 2024/25 Serikali ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliotoka kwenye kundi la nusu, na asilimia 35 kwa waliotoka kwenye kundi la robo. Tangazo hilo lilipokewa kwa vigelegele. Angalia lakini kilichopandishwa ni kipi: ni asilimia pekee. Ile 580 ilibaki palepale, na ile 12.5 nayo.

Sasa mrudishe mtumishi wetu wa mfano kwenye kikokotoo cha zamani cha PSPF. Pensheni yake kamili ya mwaka ingekuwa shilingi 9,600,000, mkupuo shilingi 74,400,000, na malipo ya mwezi shilingi 400,000. Tofauti ya mkupuo kati ya zamani na sasa ni karibu shilingi milioni 29.7, na watu wengi huilaumu asilimia kwa yote. Tuipasue. Kutoka 540 kwenda 580 kunaondoa shilingi milioni 5.1. Kutoka 15.5 kwenda 12.5 kunaondoa milioni 13.4. Kutoka nusu kwenda asilimia 40 kunaondoa milioni 11.2 zilizobaki. Zaidi ya asilimia 60 ya upungufu, basi, imetokana na namba mbili ambazo hazikuandikwa kwenye bango lolote. Tena kuna tofauti kubwa zaidi ya hiyo: zile milioni 11.2 hazikupotea, zimegeuka shilingi 74,483 za ziada kila mwezi kwenye pensheni. Zile milioni 18.5 za kigawanyo na kizidishi hazirudi kwa mlango wowote.

Ile 12.5 inahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Imezoeleka kuelezwa kuwa ni miaka ambayo mstaafu anakadiriwa kuishi baada ya kuacha kazi, na kutokana na maelezo hayo wapo wanaoamini pensheni itakatwa miaka hiyo ikiisha. Haikatwi, inalipwa maisha yote. Kwa mstaafu, 12.5 ni bei. Kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka unayoiacha, Mfuko unakununulia kwa shilingi 12 na senti 50 leo. Kupandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40 kulimpa mtumishi wetu shilingi 7,820,690 mkononi na kumwondolea shilingi 52,138 kila mwezi. Gawanya utaona: baada ya miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, atakuwa amerudisha zote. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 hufika hapo akiwa na miaka 72 na nusu; kuanzia siku hiyo nyongeza iliyoshangiliwa inaanza kumla.

Hapa mtu mwenye akili ya biashara atanipinga, na ana haki. Atasema: fedha ya leo si sawa na fedha ya mwaka wa kumi; nipe changu nikizungushe. Hesabu inamuunga mkono kuliko maofisa wengi wanavyopenda kukubali. Bei ya 12.5 maana yake unaacha asilimia 8 kwa mwaka ya kile unachopokea. Hatifungani za Serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo: Aprili 2022 riba ya hatifungani ya miaka 25 iliposhushwa kutoka asilimia 15.95, ilishushwa hadi asilimia 12.56, na bado ilikuwa juu ya 8. Zile shilingi milioni 7.8 zikiwekwa kwa riba hiyo zingezaa karibu shilingi 81,800 kwa mwezi, dhidi ya 52,138 zilizoachwa, na mtaji wenyewe ungebaki wa kurithisha. Mnada wa Benki Kuu unapokea kuanzia shilingi milioni moja, na anayeogopa mnada anaweza kuingia kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Kwa hiyo wafanyakazi waliodai mkupuo mkubwa hawakuwa wajinga. Walikuwa wanadai kitu chenye faida, kwa sharti moja: kwamba fedha hiyo itakwenda kweli mahali penye riba. Ikienda kwenye daladala chakavu, shamba la matikiti la mbali linaloendeshwa kwa simu, au mkopo wa shemeji, asilimia 8 ya uhakika imebadilishwa na sifuri. Jiulize swali hilo kabla hujaiombea asilimia ipande: mkupuo huo una safari gani? Kama jibu ni kumalizia nyumba, sawa, paa la kwako linakuondolea kodi ya pango, na kodi hiyo unaweza kuihesabu kama riba. Kama jibu ni "nitaona", basi pensheni ya kila mwezi ni rafiki yako zaidi ya mkupuo.

Kuna upande mwingine usiozungumzwa vijiweni. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaweka kiwango cha chini cha pensheni ya uzee kwa aliyetumikia miaka 30 kuwa asilimia 40 ya kipato chake. Mtumishi wetu chini ya kikokotoo cha zamani alikuwa akipokea theluthi tu ya mshahara kila mwezi. Chini ya ile 33 iliyotukanwa alipata asilimia 41 na ushei. Chini ya 40 iliyoshangiliwa amerudi kwenye 37. Sisemi hivi ili kuitetea 33; nasema ili uone kwamba mkupuo na pensheni vinatoka chungu kimoja, na anayekuongezea kijiko huku anakipunguza kule. Ukitaka chungu kikubwa, dai lako liende kwenye 580 na 12.5.

Pingamizi la pili ni la uchungu zaidi: nikifa mwaka wa pili baada ya kustaafu je? Hapo ni kweli mkupuo una nguvu, kwa sababu ukishaingia benki ni mali yako na ya warithi wako, wakati pensheni ya kila mwezi imefungwa kwenye pumzi yako. Sheria inawapa wategemezi fao lao, lakini halilingani na anachopata mtu aliyeishi hadi miaka 85 akipokea kila mwezi. Anayejua ana maradhi mazito, au ana watoto wadogo akiwa na miaka 58, ana sababu ya kweli ya kutamani mkupuo. Mwenye afya njema ambaye wazazi wake walifika miaka 90 hana sababu hiyo. Mfumo wetu hauwapi watu hawa wawili nafasi ya kuchagua tofauti, na kwa maoni yangu hilo ndilo lingefaa kupelekwa na vyama vya wafanyakazi mezani: mtumishi aruhusiwe kuchagua sehemu yake kati ya sifuri na kiwango cha juu, ajaze fomu mwenyewe.

Halafu kuna wabunge. Hakuna mjadala wa kikokotoo unaoisha bila mtu kuuliza kwa nini mwalimu wa miaka 35 apewe chini ya mbunge wa miaka mitano. Hasira hiyo ina msingi, ila mara nyingi inalenga pasipo. Mbunge wa Tanzania hakokotolewi kwa miezi juu ya 580. Yuko chini ya sheria nyingine, ile ya mwaka 1999 ya mafao ya hitimisho la kazi katika nafasi za uongozi wa kisiasa, na kinacholipwa Bunge linapomaliza muhula ni kiinua mgongo cha muhula huo, si pensheni ya kila mwezi ya uzeeni. Kwa miaka mingi kiinua mgongo hicho kilikuwa na msamaha wa kodi ya mapato, na Serikali ilipopendekeza kuufuta katika bajeti ya 2016/17, Bunge lilichemka. Ukilinganisha mkupuo wa mbunge na wako utapata hasira bila kupata somo, kwa kuwa ni vitu vya aina mbili. Somo liko kwa viongozi wakuu. Sheria hiyo hiyo inampa Rais mstaafu pensheni ya kila mwezi ya asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliye madarakani. Soma tena maneno ya mwisho. Si mshahara aliokuwa akiupata yeye alipoondoka. Ni wa aliyepo sasa. Mshahara wa ofisi ukipanda, pensheni inapanda nayo bila kuandika barua, bila maandamano, bila kusubiri tamko la Mei Mosi. Gari, nyumba na walinzi ndivyo vinavyopigwa picha, lakini kwa mtu atakayeishi miaka 25 baada ya kustaafu, kufungamanishwa huko kuna thamani kuliko gari.

Pensheni yako wewe imekokotolewa kwa mshahara wa siku zako za mwisho na itapanda pale tu mamlaka zitakapoamua ipande. Bei ya mchele haisubiri uamuzi. Waliojifunza hili kwa njia ngumu ni wabunge wa zamani wa Kenya, watu ambao hakuna anayewadhania shida. Wao wana mfuko wao chini ya Sheria ya Pensheni za Bunge, wanachangia asilimia 12.6 ya mshahara na Serikali inaweka mara mbili ya hapo, na anayemaliza vipindi viwili hupata pensheni ya kila mwezi. Lakini waliotumikia kati ya 1984 na 2001 walikokotolewa kwa mishahara midogo ya enzi hizo, na kufikia mwaka 2020 walikuwa wakilalamika kwamba wanachopokea hakitoshi hata dawa. Bunge la Taifa likapitisha muswada wa kuwapa angalau shilingi 100,000 za Kenya kwa mwezi. Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini, na umma ulimuunga mkono. Unaweza kuwacheka, na wengi waliwacheka. Lakini kilichowapata ndicho kitakachompata kila mstaafu ambaye pensheni yake haifuati bei: namba iliyoonekana nzuri siku ya kuaga inakuwa nauli ya kwenda kuichukua. Dai la pensheni kupanda kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei lingewasaidia wastaafu wa Tanzania kuliko asilimia tano nyingine za mkupuo, na lina mfano tayari kwenye sheria za nchi, kwa viongozi.

Atakayesema Serikali haina uwezo wa kulipa hayo yote ana ushahidi wake, na tusiufiche. Kabla ya Julai 1999 watumishi wa Serikali Kuu hawakuwa wakichangia. Pensheni ilitoka Hazina. Mfuko wa PSPF ulipoanzishwa ulirithi ahadi za miaka ya nyuma bila fedha zake, na deni hilo likawa mzigo hadi Serikali ilipotoa hatifungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 mwaka 2021 kulipunguza. Sehemu ya sababu kikokotoo chako kilibanwa ni kwamba mwajiri wako alichelewa kulipa, kisha ukaambiwa mfuko hauko imara. Uimara wa mfuko ni jambo la kweli. Mchango wa asilimia 20 ya mshahara, tano zako na 15 za mwajiri, hauwezi kulipa kila kinachotajwa jukwaani. Ila hoja ya uwezo haiwezi kusimama upande mmoja tu wa meza.

Hayo ni ya kudai. Yanayobaki ni yale mawili yaliyo mikononi mwako, na hapa ndipo ninapokuomba upoteze muda wako kwa ukaidi. La kwanza ni miezi. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji angalau michango ya miezi 180. Chini ya hapo unaingia kwenye malipo ya aina nyingine kabisa, kwa hiyo mwenye miezi 176 anayefikiria kuacha kazi ahesabu kwanza. Juu ya hapo, kila mwezi uliokosekana unakatwa maisha yote. Kama mtumishi wetu wa mfano ana pengo la miezi 24 ambalo michango yake haikufika, mkupuo wake utapungua kwa shilingi 2,979,310, na pensheni yake kwa shilingi 29,793 kila mwezi hadi kaburini. Mapengo hutokea sehemu zinazojulikana: ulipohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, ulipokwenda masomoni, ulipokuwa umeazimwa taasisi nyingine, miezi ya mwanzo ya ajira kabla jina halijaingia kwenye mfumo wa mishahara, na kipindi cha kuunganishwa mifuko kwa aliyekuwa na namba mbili za uanachama. Fungua programu ya PSSSF Kiganjani, au nenda ofisi ya mkoa, utoe taarifa ya michango yako mwezi kwa mwezi, kisha uilinganishe na hati zako za mshahara. Ukiona hati inaonyesha makato lakini taarifa ya Mfuko haina kitu, una ushahidi mkononi. Andika barua kwa mwajiri, nakala kwa Mfuko, ugongewe muhuri wa kupokelewa.

Utajibiwa kwamba hilo ni jukumu la mwajiri. Ni kweli, na sheria inamtoza adhabu anayechelewesha. Lakini mwajiri hastaafu. Ofisa utumishi aliyeko leo atahamishwa, mhasibu aliyeandaa orodha ya mwaka 2004 huenda ameshafariki, na jalada la halmashauri iliyogawanywa mara mbili linaweza kuwa wilaya yoyote kati ya tatu. Mwenye maslahi ya kudumu kwenye jalada hilo ni wewe peke yako. Fanya ukaguzi huu ukiwa na miaka 50, urudie ukiwa na 55. Ukisubiri miezi sita ya mwisho utakuwa unatafuta karatasi huku mshahara umesimama.

La pili ni mshahara wa miaka mitatu bora. Upandishaji vyeo uliposimama kuanzia 2016, wakati wa uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, wengi walibaki kwenye ngazi zilezile kwa miaka, kisha wakapandishwa kwa mserereko. Kwa anayestaafu muongo huu jambo hilo si la kumbukumbu tu. Pungufu ya shilingi 100,000 kwenye wastani wako wa mshahara wa mwezi inaondoa shilingi 3,724,138 kwenye mkupuo na 37,241 kila mwezi baada yake, kwa mwenye miezi 360. Barua ya kupandishwa cheo isiyoingizwa kwenye mfumo haihesabiki, hata kama imetundikwa ukutani. Hakikisha mshahara mpya umeonekana kwenye hati ya mshahara na mchango wa Mfuko umepanda nao mwezi uleule. Kama una malimbikizo, uliza kama michango yake nayo ilipelekwa. Kuhusu kuondoka ukiwa na 55, usiamue kwa kusikia mwenzako amechukua ngapi. Mtumishi wetu akiondoka miaka mitano mapema na miezi 300, mkupuo unakuwa shilingi 37,241,379 na pensheni shilingi 372,414. Anapoteza shilingi 74,483 kwa mwezi maisha yote, anapata miaka mitano ya pensheni kabla ya wenzake, na anakosa mishahara ya miaka hiyo. Mwenye kazi nyingine ya uhakika inaweza kumlipa. Asiye nayo itamla.

Ukiwa msomaji wa Kenya, usinakili ushauri wangu kuhusu mkupuo, maana bei yako ni nyingine. Chini ya Sheria ya Pensheni ya zamani unahesabiwa 1/480 kwa kila mwezi, na robo ya pensheni hubadilishwa kwa kuzidishwa mara 20. Bei ya 20 maana yake unaacha asilimia 5 tu kwa mwaka, na itakuchukua miaka 20 kuirudisha. Kwa bei hiyo mkupuo ni wa kuuchukua bila kusita. Mke au mume anaendelea kupata pensheni kwa miaka mitano ukifariki. Aliyeingia mfumo mpya ulioanza Januari 2021, ambapo mtumishi huchangia asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili na 7.5 kuanzia wa tatu huku Serikali ikiweka 15, hana kikokotoo kabisa. Ana akaunti. Kwake la kufuatilia ni kama mchango wa Serikali umefika, na umezaa kiasi gani.

Kwa Tanzania, weka kwenye bahasha moja barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kwenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, barua ya cheo cha mwisho, hati za mshahara za miaka yako mitatu bora, kitambulisho cha Taifa na kadi ya benki. Majina yalingane herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili mbele ya kompyuta, na kiapo cha majina ni rahisi kukipata ukiwa bado kazini. Tarehe ya kuzaliwa ni ile uliyoandika siku ya kuajiriwa, usiende kutafuta nyingine. Hakiki orodha ya wategemezi kila familia inapobadilika, iwe kwa ndoa, talaka, kifo au mtoto mpya. Dai nauli na gharama za mizigo ya kwenda kwenu kwa barua kabla ya siku ya mwisho, kwa sababu hizo hulipwa na mwajiri, si Mfuko, na madai ya aina hiyo huzeeka haraka mtu akishatoka kwenye orodha ya watumishi. Baada ya hapo utatakiwa kuhakikiwa mara kwa mara kuwa uko hai. Usipohakikiwa, malipo husimamishwa. Na atakayekupigia simu akitaja jina lako kamili, kituo chako cha mwisho cha kazi na kiasi cha mkupuo wako, kisha akaomba "pesa kidogo ya kuharakisha faili", mkatie simu, halafu nenda mwenyewe dirishani.